Namna Nilichunga Nyimbo ya Maman wa Chorale

Batu ba Kadutu, hapa Bukavu, banaijua hii habari, lakini banaisimulia mubaya. Bamoja banasema niliangusha ordinateur, kompyuta ya bureau, mu ziwa. Bongo, uongo mutupu. Ile ordinateur haikutoka mu bureau hata siku moja. Bengine banasema niliuza nyimbo ya chorale, kwaya yetu, kule Rwanda. Bongo tena: nani angenunua nyimbo kwangu, mi mwenye hata bana bananikimbia nikianza kuimba? Vile ilipita kweli ni mubaya kuliko ile yao yote. Njo maana nabaachia bacheke na ile yao, na ile ya kweli naiandika hapa, sura nimeifunika na mukono moja.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, karibu na mwisho wake, ile miaka courant, umeme, ilikuwa inakuja na kuenda bila kuaga. Nilikuwa nafanya kazi mu bureau, ofisi moja ya mambo ya mashamba, chini kule karibu na ziwa. Masomo yangu ilikomea troisième secondaire, mwaka wa tatu. Batu nilibaambia niliacha juu ya macho. Kumbe ni algèbre. Bureau ilinichukua kwanza planton: kufungua mulango, kupeleka barua, kusema "chef hayuko" wakati chef iko. Kisha kukafika ordinateur toka Ulaya, yenye ilikuwa imetumika kule mpaka balichoka nayo. Chef akauliza: "Hapa nani hana kazi mingi?" Batu bote baliniangalia mimi. Njo vile nilipata kuwa opérateur.

Opérateur! Nikipanda kuelekea soko ya Kadutu, nilikuwa natembea pole-pole kabisa, ili batu bapate wakati wa kunisalimia. Nilikuwa natia stylo, kalamu mbili, mu mufuko ya chemise, shati yangu, na ordinateur haitumie stylo.

Mu ile bureau kulikuwa maman moja, secrétaire, mutu wa Bagira, maman wa kimya. Njo alikuwa anaongoza chorale ya paroisse yetu, na mi pia nilikuwa mu ile chorale, ku basse, sauti ya chini. Harmonium, kinanda ya paroisse, ilikuwa imekufa. Panya balikula ngozi ya ndani, ikabakia inapumua tu, muzike hakuna. Lakini huyu maman alikuwa na mudogo yake, mwalimu wa maths, na mudogo, mbele ya kuenda kusoma Ulaya, alimutengenezea programme ndani ya ordinateur ya bureau. Ilikuwa ya maman peke yake, mu Bukavu muzima hakukuwa ingine. Unaandika do, ré, mi, unaonyesha kila moja iende murefu namna gani, unafinya, na ordinateur inaimba. Piii, puuu, pii-pii. Sauti yake ilikuwa ya mwana-mbuzi, lakini mwana-mbuzi mwenye alisoma: hakosei hata mara moja.

Kisha ya kazi, chef alikuwa anaturuhusu. Soprano banaingia, banasimama nyuma ya maman, ordinateur inabapigia sauti yao, banairudilia mpaka banaishika. Siku ingine alto. Siku ingine ténor. Basse tulikuwa nyuma siku zote, juu maman alisema basse banachelewa kuelewa. Nilichukia ile maneno mpaka hii habari ilipita.

Ile mwaka mama yake alikufa. Jamaa ikapanga siku ya kutosha deuil, kuondoa matanga, kule Bagira, mu parcelle, kiwanja ya famille: siku ile bana ba marehemu banavua nguo nyeusi, batu banakula, banaimba, bilio inakwisha. Maman akasema atatunga nyimbo ya siku ile, nyimbo ya mama yake. Hakuiandika ku karatasi. Aliitunga pale pale ku ordinateur, kisha ya kazi: anaandika kidogo, anasikia, anafuta, anasikia tena. Mi nilikuwa nangojea nifunge mulango, planton alikuwa bado ndani yangu. Saa ingine nilikuwa naona mugongo yake inatikisika kidogo, najifanya naangalia ziwa.

Siku moja aliniita.

"Papa, wewe ni basse. Kuja usikie hii basse ya nyimbo ya mama, nimeimaliza leo. Uniambie kama iko muzuri."

Nilisimama nyuma yake. Ordinateur ikaanza, puuu, puuu, chini kabisa. Na pale pale sentinelle, mulinzi wa bureau, akapitisha kichwa ku dirisha, na nikakumbuka hadisi ya mutu mwenye alinunua mbuzi ku soko, mbuzi ikamupita kufika nyumbani. Nikamuambia sentinelle ile hadisi, na mikono, na sauti ya mbuzi. Sentinelle alicheka mpaka alishika ukuta. Wakati nilimaliza, ordinateur ilikuwa imenyamaza.

"Papa? Iko je?"

"Iko muzuri sana, maman! Muzuri kabisa!"

Alifurahi. Njo ile furaha yake inanirudiliaka mpaka leo.

Kisha kidogo, chef akarudi toka safari na carton ya disquette mupya, diski za kutia ndani: système, mufumo mupya ya ordinateur. Alisema ile ya zamani imezeeka, hii inakimbia, iko na rangi, iko na bintu bingi. Akauliza nani anajua kuitia. Nilikuwa nimeona vile banafanya mara moja, mu bureau ingine, nikiwa nyuma ya mutu munene mwenye alinifunika nusu ya écran, kioo ya ordinateur.

"Mi, chef," nikasema.

Kazi yenyewe, mu kifupi, iko hivi: unatosha bintu byote byenye unapenda, unabitia ku disquette, unafuta ordinateur yote, inabakia wazi sawa nyumba yenye balihama, unaingiza système mupya, kisha unarudisha bintu byako. Kutosha, kufuta, kuingiza, kurudisha. Hata mi mwenye algèbre ilishinda nilielewa.

Maman alinifuata mu corridor. Alikuwa ameleta sambaza, bile samaki bidogo bya ziwa, ya kukaanga, ndani ya jani ya mugomba.

"Papa, nyimbo ya mama itabakia?"

"Maman! Nyimbo yako mi nitaichunga kuliko mushahara yangu."

"Mushahara yako inakwishaka mbele ya Jumatatu."

"Basi nitaichunga kuliko macho yangu."

"Macho yako njo ilikutosha ku masomo, ulituambia." Akacheka kidogo, akaniachia sambaza. "Fanya tu pole-pole, papa. Basse habajaanza hata kujifunza. Soprano nao banajua tu mwanzo. Yote iko mule ndani."

Nilikula sambaza yote, mpaka bichwa.

Sasa, shida: disquette ya wazi hakukuwa. Mu magasin, maduka ya muji, bilikuwa haba, na chef alikuwa ameniambia nijipange. Nikafungua tiroir ya meza, nikakuta zile disquette kubwa, nyeusi, zenye kulegea, zenye zilikuja na ordinateur siku ya kwanza: disquette ya système ya zamani. Pembeni ya kila moja kulikuwa kipande ya karatasi ya kubandika, imefunika kitobo kidogo. Ile karatasi njo inakataza ordinateur kuandika juu yake. Nikajiambia: système ya zamani inakufa leo; maiti anafanya nini na nguo? Nikabandua zile karatasi na ukucha, moja, moja, na furaha yote. Nikafuta byenye bilikuwa ndani, nikaandika nyimbo ya maman, pamoja na programme ya mudogo yake, juu yao. Kila sauti na disquette yake: soprano, alto, ténor, basse. Nilijiona mutu wa akili, mutu wa Zaïre wa kweli, mwenye anatosha kitu mu hakuna.

Nikafuta ordinateur. Nikaingiza système mupya. Chef akapiga mikono. Kulikuwa rangi ya bleu sawa ziwa saa sita, na bureau yote ilikuja kuangalia, bananipiga ku mabega, "opérateur! opérateur!" Nikarudisha fichiers, zile faili. Byote bilirudi, majina yao iko pale. Nikamuita maman na sauti ya mutu mwenye anafungua banquet.

Akakaa. Akaita nyimbo. Écran ikajaa bintu: sura bidogo binacheka, mitima, alama ya karte ya kucheza, mistari ya ajabu. Piii hakuna. Puuu hakuna. Sura bidogo tu, mingi, binaniangalia na binacheka.

"Papa, hii ni nini?"

"Ngoja, maman. Inaamuka."

Haikuamuka. Nilifinya kila kintu chenye kilikuwa ku clavier, ubao wa herufi. Halafu polepole nikaelewa, na kuelewa ile ilikuwa sawa mutu anamwanga maji ya baridi mu shingo yako.

Nieleze vile iko, juu hata chef nilimuelezea hivi. Unajua musungu akikuja kuhubiri, anasema Français, na pembeni yake kuko mutu anatafsiri? Nyimbo ya maman, na programme ya mudogo yake pamoja, njo ilikuwa ule muhubiri. Ordinateur yenyewe haikuwa inamusikia. Kulikuwa mutafsiri ndani ya système ya zamani mwenye alikuwa anamusikia. Système mupya ilikuja na mutafsiri wake. Lakini nyimbo ilikuwa imechungwa na mwandiko wa mukato, wa kufupisha maneno, wa ule wa zamani, ule wa kwake peke yake, na mutafsiri mupya hakuweza kuisoma. Mi nilichunga mahubiri yote, nikafukuza mutafsiri.

"Basi si unarudisha ule wa zamani?" maman akauliza. "Iko ku disquette ya système ya zamani, hapana?"

Nilitia mukono mu tiroir. Nilijua mbele mukono haijafika. Nikatosha zile disquette nyeusi, na ku kila moja kulikuwa mwandiko yangu mwenyewe, muzuri, ya stylo: soprano, alto, ténor, basse.

"Papa. Uliandika nyimbo yangu wapi?"

"Juu ya système ya zamani, maman."

"Juu yake namna gani?"

"Juu yake... juu yake."

Alikamata sac yake, akafunga bouton ya gilet, sweta yake, akaenda. Angenitukana ningejua pa kutia mikono yangu.

Jumapili chorale yote ilikuwa inajua. Ténor moja, mutu wa mudomo, alinipokea ku mulango ya kanisa.

"Papa opérateur! Nasikia ulifunga nguo zetu mu sanduku, ukapika ufunguo?"

"Na chumvi," alto moja akajibia.

Balicheka bote, na mi nikacheka kubapita, juu njo namna yangu: kukiwa kicheko, naingia mbele ili nisiachwe nje. Lakini maman alikuwa anapanga bitabu, hakugeuka. Siku ya kutosha deuil ilikuwa inakaribia.

Njo chef akakumbuka kintu. Kule Idjwi, mu kisiwa, kulikuwa agronome, bwana shamba wa bureau yetu, na alikuwa na ordinateur ya namna ile ile, yenye kutumika na groupe, jenereta, na système ya zamani. Hakuna mutu alifikiri kumupelekea mupya. Balikuwa bamemusahau. Kama bangemukumbuka, tungekufa.

"Mi nitabeba disquettes," nikasema.

"Nitabeba mimi," maman akasema.

Tulipanda bateau, mashua ya ziwa, asubuhi. Alikuwa ameshika disquettes mu mikono yake yote mbili, mu enveloppe, bahasha ya karatasi, sawa mutu anabeba mayai. Mu katikati ya ziwa mvua ikaanza, na maji ikaanza kuruka ku pembeni. Enveloppe ikaanza kulowana. Mi nilikuwa na mufuko, na ndani ya mufuko, ndani ya plastiki mbili, nilikuwa na radio yangu ya transistor. Ile radio njo ilikuwa kintu ya maana kuliko byote kwangu. Nilikuwa naibeba hata nikienda kuoga.

"Maman, lete. Mu plastiki ya radio hakuna maji inaingia. Naapa."

Aliniangalia murefu. Kisha akanipa. Nikatia disquettes pamoja na radio, nikabana muzuri zikae kifua na kifua, zisitikisike, nikafunga kamba, nikakumbatia mufuko mpaka Idjwi. Mvua yote ilininyeshea mimi. Nilikuwa na baridi na nilikuwa na furaha: niliona kama narudisha deni.

Agronome alikuwa kijana mwenye kuzungumza sana, alikuwa na kiu ya batu. Akawasha groupe, akatia disquette ya kwanza. Mutafsiri wa zamani alikuwa pale, muzima, hana habari ya maneno yetu. Piii. Soprano ikatoka. Maman akafunga macho. Alto ikatoka. Ténor ikatoka. Kila moja agronome akaiandika upya na mwandiko ya wazi, herufi kwa herufi, ili hata mutafsiri mupya wa Bukavu aweze kuisoma. Bamama benye balikuwa banatoka ku mashamba balisimama ku mulango na majembe, banasikia ule mwana-mbuzi anaimba.

"Ni mutoto gani huyu?" moja akauliza.

"Ni wa huyu maman," agronome akasema, na bote tukacheka, hata maman.

Akatia disquette ya basse. Krra. Krra. Krra. Akaitosha, akaipanguza, akaitia tena. Krra.

"Papa, hii mulikuwa muliiweka wapi?"

"Mu mufuko. Mu plastiki. Hata tone ya maji haikuigusa."

"Pamoja na nini?"

Nikamuonyesha radio, na kiburi kidogo bado. Alikamata musumari ku meza, akaukaribisha ku radio, pale sauti inatokaka. Musumari ukamutoka mu vidole, ta!, ukabandika mwenyewe. Akauvuta, akauachia, ta! tena.

"Aimant, sumaku," akasema polepole. "Iko ndani ya kila radio. Disquette yenye ililala juu yake, aimant iliifuta. Benzake balikuwa nyuma, balipona."

Bamama ba ku mulango balipenda ule musumari, bakaomba arudilie. Akarudilia. Ta! Mi nilikuwa naangalia ule musumari, na kama ungenipasua kifua usingekuta mutu ndani.

Maman alinigeukia. Hakukuwa na hasira mu sauti yake, na njo ilikuwa mubaya.

"Papa, haiko shida. Wewe uliisikia. Nilikupigia, siku ile, wewe peke yako, kabla ya batu bengine bote. Hata mwanzo yake tu. Ukinipa mwanzo, mi nitaikamata yote."

Nilitafuta. Nilikumbuka dirisha. Nilikumbuka kichwa ya sentinelle, meno yake, mukono yake ku ukuta. Nilikumbuka hadisi ya mbuzi, neno kwa neno, ningeweza kuisimulia pale pale. Ya nyimbo, hakuna hata do moja.

"Maman, mi... nilikuwa naongea."

"Ulisema iko muzuri sana."

"Ndiyo, maman."

"Muzuri kabisa, ulisema."

"Ndiyo."

Agronome akazima groupe.

Mu bateau ya kurudi, mvua ilikuwa imekwisha. Nilimuambia, nikiangalia viatu yangu, kama anaweza kutunga basse ingine, yeye ni fundi. Nyumba ya Bukavu ilikuwa inaanza kuonekana ku vilima.

"Ya kutunga naweza," akasema. "Ile ilikuja yenyewe, papa. Nilikuwa nalia, ikakuja. Sasa itakuwa kazi tu."

Mu répétition, mazoezi yenye ilifuata, alitupanga sisi basse mu musitari na akatuambia tusifungue mudomo. Note moja tu, chini, midomo imefungwa, mmmm, toka mwanzo mpaka mwisho. Benzangu balikuwa na furaha: hakuna maneno ya kujifunza! Mi njo nilijua ile mmmm ni kaburi ya nini.

Siku ile kule Bagira, parcelle ilikuwa imejaa. Bana ba marehemu bakavua nyeusi, bakavaa pagne, kitenge mupya. Tukaimba. Soprano bakapanda, alto na ténor bakabafuata, na chini yao sisi, mmmm. Naapa, batu balinyamaza. Maman moja muzee akakaa chini mu majani. Mi niliimba na macho yangu ku udongo, na ile siku, mara ya kwanza mu maisha yangu, nilisikiliza.

Kisha ya chakula, tonton wa famille, mujomba moja munene mwenye kofia, alitafuta basse. Mukono yake ikaangukia ku bega yangu mimi.

"Ile ya chini! Nani alifikiri ile? Soprano iko muzuri, sikatae. Lakini ile ya chini, nilisikia sawa mama mwenyewe anajibu toka kule iko. Nyinyi njo mulibeba ile nyimbo!"

"Tonton, mi sikufanya kintu..."

"Unamusikia? Na tena munyenyekevu! Lete bière hapa, lete ya kwangu, yenye ilikaa mu maji!"

Batu balipiga mikono. Chupa ikawekwa mu mukono yangu, ikafunguliwa. Nilimutafuta maman mu batu. Alikuwa karibu, na pagne yake mupya, sahani mu mukono, na alikuwa amesikia yote. Nilingojea aseme. Neno moja tu, na ningepumua.

Alikuja, akapanga collet, kola ya chemise yangu sawa mutu anapanga ya mutoto, akasema na sauti ya chini:

"Kunywa, papa. Batu banaangalia."

Nikakunywa. Ilikuwa baridi kabisa. Mu ile miaka, bière ya baridi balikuwa banachungia bakubwa.